Rangi ya Mtu na Sheria za Wageni



Twapenda kusema nanyi juu ya jambo lizushalo maneno mengi, nalo ni hili: nani aruhusiwe kuingia katika nchi na kukaa, na je, rangi ya mwili wake itazamwe?

Jambo hili si geni kwetu. Wengi wetu, Wamakua, Wamakonde na Wayao, tu wajukuu wa watu waliovuka mto Ruvuma. Tena baada ya mwaka 1947 mpango wa karanga wa Waingereza ulileta Wazungu na matrekta yao Nachingwea, na Wahindi wenye maduka tulikuwa nao pia.

Basi mwezi wa Oktoba 1961, Uhuru ukiwa karibu, Bunge la Tanganyika lilijadili Sheria ya Uraia. Wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alikataa kwa ukali. Aliwaambia kwamba wameanza kuwa kama Hitler, na kwamba Serikali yake itajiuzulu ikiwa mswada utashindwa. Mswada ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja pia, akawa raia tarehe 9 Desemba 1961. Wengine waliokuwa na haki ya kuandikishwa walipewa miaka miwili.

Hebu tuijaribu mizani hiyo hapa kwetu. Mtoto wa Mhindi, aliyezaliwa hapa kama baba yake, alikuwa raia siku ile pasipo kuandika barua hata moja. Mmakonde aliyezaliwa Msumbiji hakuwa hivyo, ijapokuwa shamba lake na jamaa zake wako huku. Wengine walinung'unika, wala hatuwacheki. Chini ya Waingereza vyeo na mishahara viligawanywa kwa rangi, nao walichoka. Lakini dhuluma ya mshahara huondolewa kwa kurekebisha mshahara. Kumnyima mtu nchi aliyozaliwa ni jambo jingine kabisa.

Wala msidhani kwamba sheria ya rangi hutaja rangi siku zote. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya, wenye pasi za Kiingereza, walikuwa wakihamia Uingereza. Bunge la London likapitisha sheria kwa siku chache tu: mwenye pasi ya namna ile asingeingia kwa hiari yake isipokuwa yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, ana asili katika Uingereza. Rangi haikuandikwa popote. Lakini ni nani katika Nairobi aliyekuwa na babu mzaliwa wa Uingereza, kama si Mzungu? Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba watu wale walibaguliwa kwa rangi na kuvunjiwa heshima.

Kwa hiyo, Walimu, mnaposomewa sheria ya wageni, ulizeni kwanza ni babu wa nani anayehesabiwa. Huku kwetu swali la babu alizaliwa ng'ambo ipi ya Ruvuma lingezigusa nyumba nyingi sana.