NG'OMBE AKINGALI HAI
(Maneno yaliyosemwa Ariwara mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji)



Wengine wenu mmetuuliza: habari ya wafugaji yatuhusu nini sisi wa mgodi? Yatuhusu sana. Nyama tunayokula yatoka kwao, na mfugaji aliyefilisika huja kupiga sululu karibu nasi, akikubali nusu ya mshahara kwa sababu watoto wana njaa. Tena wengi wetu ni watoto wao.

Tutazame Kenya. Kaskazini mwa nchi ile kuna kaunti kavu: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kuanzia 2013 serikali iliandika nyumba maskini 100,000 hivi, zikawa zinapewa feza kwa njia ya banki, kiasi ambacho baadaye kilifikia shilingi 2,700 kwa mwezi. Nyumba nyingine nyingi zikafunguliwa akaunti bila kupewa kitu, ili ukame ukizidi zipate mara moja. Nani aliamua kwamba ukame umezidi? Si chifu, wala si mbunge. Setilaiti, vile vyombo vinavyozunguka angani, hupima ubichi wa majani; ukishuka chini ya alama iliyowekwa mapema, feza hutoka.

Mwaka 2015 ikaongezwa bima ya mifugo, ada ikilipwa na serikali. Februari 2017, mvua zilipokosa, nyumba karibu 12,000 zililipwa zaidi ya shilingi milioni 200. Feza ile ilikusudiwa kununua majani, maji na dawa, ng'ombe akingali amesimama. Akiisha kufa, utanunua nini? Mfugaji anayengojeshwa huuza siku ambayo kila mtu anauza, bei imeanguka, na mchuuzi ndiye anenepaye.

Hatusemi mambo yao yote ni safi. Kuna mti wa miiba waitwao mathenge, hubaki kijani wakati wa kiangazi: setilaiti huona kijani, mbuzi huona njaa. Na ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2, ingawa mipango hiyo ilikuwako.

Kwetu Ituri ugonjwa ni mwingine. Tangu vita vya Djugu vilipoanza tena Desemba 2017, ng'ombe wengi wameondoka wakiswagwa na wenye bunduki, majani yakiwa mabichi kabisa. Setilaiti ingesema hali ni njema! Basi kipimo chao hatukitaki. Twataka kanuni yao: ijulikane mapema nani atalipwa, kiasi gani, kwa hasara gani, naye apokee kwa mkono wake. Sisi makarani twaijua orodha. Ikifichwa, kalamu moja yaweza kuzaa watu kumi wasio na mama, na wote wakatia sahihi.

Mtasema: orodha ya ng'ombe si itamwonyesha mwizi zizi, na mtoza kodi vilevile? Swali zuri, na mzee mmoja ametuuliza hivyo kwa hasira. Kwa hiyo sokoni yasomwe majina ya wenye haki tu. Hesabu ya mifugo na mahali pa malisho vibaki kwa wazee wa kijiji na munganga wa nyama.

Ombi letu kwa wakubwa wa teritware ya Aru ni fupi. Kila kijiji kiandike sasa, kabla ya hasara. Anayesikia jina la uongo aseme palepale. Msaada wowote utakaokuja, wa Leta au wa wageni, ufuate orodha hiyo. Karatasi ya ombi iko kwa karani wa tawi. Ajuaye kuandika aandike jina lake. Asiyejua atie kidole.