Muziki wa Misa ya Ndoa: Tuanzie Kwenye Zaburi



Maarusi wanapofika kwa mwalimu wa kwaya kupanga Misa ya ndoa yao, swali lao la kwanza hujulikana: mtatuingiza na wimbo gani? Mara nyingi ndilo la mwisho pia. Zaburi itakuwa ipi, waamini wataitikia nini, komunyo itaimbwaje, hayo huachiwa kwaya. Jioni hii nataka kutetea utaratibu ulio kinyume. Uchaguzi wa muziki wa Misa ya ndoa uanze na Zaburi pamoja na viitikio vya Misa yenyewe, na wimbo wa kuingia upangwe baada ya hapo.

Kanisa lilikwisha kufikiri juu ya jambo hili muda mrefu kabla yetu. Tazameni Misa ya ndoa katika Misale ya Kiroma ya Kilatini, ile ambayo bado inaadhimishwa mahali wanapofuata utaratibu wa kale. Wimbo wake wa mwanzo unatoka katika Kitabu cha Tobiti, pale baba anapomtoa binti yake kwa Tobia na kumwomba Mungu wa Israeli awaunganishe. Ubeti wa wimbo huo ni wa Zaburi ya 128, ambayo katika hesabu ya Kilatini ni ya 127. Baada ya somo, Zaburi hiyohiyo inarudi na picha ya mke aliye mzabibu wenye kuzaa na watoto walioizunguka meza kama miche ya mizeituni. Wakati wa komunyo inarudi mara ya tatu, sasa ikiwatakia wajukuu na amani. Zaburi moja inaibeba Misa nzima, na mada yake ni nyumba inayomcha Mungu: kazi ya mikono, meza, uzao, uzee. Mapambo ya bibi harusi hayamo. Waliopanga nyimbo hizo walikuwa wanautazama mwaka wa thelathini wa ndoa, na sisi tunautazama mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni hadi altareni.

Hata mwendo huo, ibada yetu ya sasa inauona tofauti na sinema. Ibada ya Ndoa iliyotolewa mwaka 1969, na toleo lake la pili la mwaka 1990, inaeleza kwamba padre anaweza kuwapokea maarusi mlangoni, kisha wote wakaandamana: watumishi wa altare, padre, na maarusi wawili pamoja, wakisindikizwa kwa heshima na wazazi na mashahidi. Wakati huo unaimbwa wimbo wa mwanzo, kama Jumapili yoyote. Desturi ya bwana harusi kusimama mbele akingoja huku bibi harusi akiletwa peke yake na baba yake chini ya mlio wa kinanda imetoka kwingine. Siilaani. Lakini mtu akijua kwamba kitabu cha ibada kinawapa maarusi wote wawili njia moja na wimbo mmoja unaoimbwa na watu wote, ataona kwamba swali la wimbo wa kuingia ni dogo kuliko alivyodhani.

Sasa nizungumzie maachi mawili ambayo kila mpiga kinanda huombwa. La kwanza ni la Richard Wagner, kutoka opera yake Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850, Franz Liszt akiiongoza. Katika opera hiyo muziki huu haumsindikizi bibi harusi kwenda kanisani. Unaimbwa baada ya ndoa, Elsa na mumewe wanapopelekwa chumbani. Kabla usiku haujaisha Elsa anamuuliza mumewe swali aliloapa kutouliza, mume anamwacha, na opera inaisha kwa kifo cha Elsa. La pili ni la Felix Mendelssohn, alilolitunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare yenye vichekesho vya mapenzi na viumbe wa msituni. Maachi yote mawili yalipigwa mwaka 1858 katika harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza na mwanamfalme wa Prussia, na tangu hapo yakashika. Ndiyo kusema, kile tunachokiita muziki wa jadi wa harusi ya Kikatoliki kilitoka jukwaani, kikapitia ikulu ya Waprotestanti, kikafikishwa kwetu na filamu. Hoja yangu haihusu dini ya watunzi. Ni muziki mzuri. Kasoro yake ni kwamba hausali, wala haukutungwa usali.

Kuhusu "Ave Maria" ya Franz Schubert, moyo wangu ni mpole zaidi. Ni wimbo wa mwaka 1825, na maneno yake ya asili si sala ya Salamu Maria. Ni shairi la Walter Scott, ambamo msichana aliyejificha pamoja na baba yake anamlilia Bikira. Maneno ya sala yaliwekwa juu yake baadaye. Ukiimbwa kwa sala hiyo maarusi wanapompelekea Mama Maria maua, au katika kimya cha baada ya komunyo, unaweza kusaidia ibada. Ukichukua nafasi ya Zaburi, umeingia mahali pasipo pake.

Sheria zenyewe si ngeni. Waraka Musicam Sacram wa mwaka 1967, uliotolewa kutekeleza maagizo ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, unaonya dhidi ya kuingiza mambo ya kidunia katika liturujia kwa kisingizio cha fahari, na unataja maadhimisho ya ndoa waziwazi. Maagizo ya mwaka 1958 yalikwisha kukataza muziki wa mashine katika liturujia, hivyo spika inayopiga wimbo wa simu pale altareni haina utetezi. Padre anaposali sala zake, pamoja na ile baraka ndefu ya maarusi baada ya Baba Yetu, kinanda kinyamaze. Wapigaji wengi hupenda kuweka mlio laini chini ya baraka hiyo wakidhani wanaipamba. Wanaifunika. Na anayefunga ndoa wakati wa Kwaresima ajue mapema kwamba hakuna Aleluya, na vyombo vinapigwa kusindikiza uimbaji tu.

Kuna wanaodhani kwamba kuyasema haya ni kuturudisha Ulaya. Ni kinyume. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, inazipa nafasi ya kwanza nyimbo za Kigregori, na hati hiyohiyo inadai kwamba muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe na uingizwe katika ibada. Mwaka huohuo padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Baada yake wamekuja watunzi kama John Mgandu, Joseph Makoye na Bernard Mukasa, ambao nyimbo zao zimevuka mipaka ya Tanzania. Kwa utajiri huu, hatuna sababu ya kuazima opera.

Tuna kitu kingine ambacho wengi hawakihesabu kuwa muziki. Toleo la mwaka 1990 la Ibada ya Ndoa linataka kwamba, maarusi wakishatoa kibali chao na padre akakipokea, awaalike watu wamsifu Mungu, nao waitikie. Baada ya pete, jumuiya yote yaweza kuimba wimbo wa sifa. Katika parokia zetu akina mama walijua hilo bila kusoma: neno la mwisho likitamkwa tu, vigelegele vinapasua kanisa. Mwalimu wa kwaya mwenye busara huviacha vitoke, kisha huvipokea kwa ngoma na kayamba, kwa wimbo mfupi wa shukrani ambao kila mtu ana uwezo wa kuushika. Hapo ndipo penye kilele cha shangwe ya ibada hii, na hapo ndipo ningependa maarusi waulize: mtaimba nini?

Wafikirieni pia waalikwa. Misa ya ndoa hukusanya watu wa parokia nyingi, jirani Mlutheri, shangazi Mwislamu, wenzetu wa kazini ambao hawajaingia kanisani miaka mingi. Kwaya ikiimba tungo nne mpya za sauti nne zilizorekodiwa mwezi uliopita, watu hawa wote wanakuwa watazamaji. Napendekeza bila kusita nyimbo za zamani ambazo bibi wa bibi harusi anazijua kwa moyo, na kiitikio cha Zaburi chenye mstari mmoja, kilichofundishwa dakika tatu kabla ya Misa. Tungo ngumu iwepo moja, wakati wa shukrani, kwaya ionyeshe kipaji chake kwa haki. Nyimbo za mapenzi, za zilipendwa na za Bongo Fleva, zina ukumbi wake jioni, na huko zichezwe hadi usiku.

Nina maombi matatu. Maarusi, mwendeeni mwalimu wa kwaya mapema, mkiwa na Biblia mkononi, na mchague Zaburi kabla hamjachagua rangi ya sare. Wanakamati wa harusi, mnapogawa michango kati ya ukumbi, chakula na mshereheshaji, kumbukeni nauli na nakala za kwaya. Nanyi watunzi mlioketi hapa, Zaburi ya 128 inahitaji viitikio vingi zaidi vya Kiswahili, vifupi, vyenye mahadhi ya makabila yetu, vinavyoimbika na watu wasio na nota mkononi. Viandikeni, mvipeleke parokiani, vianze kuimbwa msimu ujao wa ndoa.