Safari ya Ndege: Kutoka Mlimani, Kupitia Jangwani, Hadi Delta ya Tana

Mada kwa wakazi na vikundi vya vijana wanaokusudia kuongoza watalii wa ndege



Mtoto aliyelelewa kando ya mto Tana huwajua ndege kabla hajajua kusoma. Mpunga ukianza kutoa masuke, hupanda dunguni alfajiri na kombeo lake, akaamia ndege mpaka jua litue. Kundi la kwelea hulitambua kwa mvumo wake kabla halijashuka shambani. Kwake yeye ndege ni mwizi wa chakula, na hakuna wa kumlaumu kwa kufikiri hivyo.

Wakati huohuo, wako watu wanaosafiri kutoka Uingereza, Uholanzi na Marekani, na siku hizi kutoka Nairobi pia, kwa ajili ya kuwatazama ndege tu. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na mgeni wa namna hii huja na orodha mkononi. Hulipia gari, malazi, viingilio na mwongozaji kwa muda wa majuma mawili hivi, ili kila aina aliyoiona aitie alama. Mada hii inaeleza safari hiyo inavyokwenda, mgeni anacholipia, na sababu ya fedha zake mara nyingi kuishia njiani kabla ya kufika delta.

Mlimani

Safari nyingi huanzia nyanda za juu. Katika Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, yuko chozi anayeishi juu ya msitu, mahali ambapo usiku maji huganda. Hunyonya nekta ya maua ya lobelia kubwa na kula wadudu wanaojificha humo. Mgeni hupanda kwa saa kadhaa, akipumua kwa shida, ili amwone ndege huyo kwa dakika chache.

Huko Kinangop, kaunti ya Nyandarua, yuko ndege mwingine anayepatikana Kenya peke yake. Kifua chake ni cha manjano na ukucha wake wa nyuma ni mrefu. Wataalamu humwita kwa jina la Sharpe. Huishi katika nyasi fupi zenye vishungi tu. Nyasi hizo ziko katika mashamba ya watu binafsi, na mwenye shamba ana watoto wa kusomesha. Anapolima viazi au kabichi, ndege huyo hana pa kuhamia. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Palipobaki nyasi, naye amebaki, palipolimwa, ameondoka.

Mukurweini, kaunti ya Nyeri, kuna jambo la kushangaza zaidi. Ndege mwingine wa Kenya peke yake, mwenye mabaka meupe na aendaye kwa vikundi vyenye kelele, huishi katika vichaka vya mabondeni kati ya mashamba ya kahawa. Kichaka ambacho mpita njia angekiona si kitu ndicho kinachosimamisha gari la wageni asubuhi nzima.

Jangwani

Kutoka mlimani gari hushuka hadi Isiolo, na hewa hubadilika ndani ya saa chache. Katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba wako mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya rangi ya samawati, na kanga mwenye kichwa kama cha tumbusi na kifua cha buluu. Kaskazini zaidi, kupita mji wa Marsabit, kuna jangwa la Dida Galgalu, lenye mawe meusi ya volkano hadi upeo wa macho. Humo huishi ndege mdogo wa rangi ya udongo, jamii ya kipozamataza, ambaye hakuna nchi nyingine duniani anakopatikana. Asiyemjua hupita karibu naye asimwone.

Huko ndiko elimu ya mfugaji inapopata thamani. Firigogo, ndege wa jangwa anayefanana na njiwa, hutoka mbali kuja kunywa maji kwa saa maalumu. Dume hulowesha manyoya ya tumbo na kuwapelekea makinda maji. Mchungaji anayenywesha mifugo kisimani anajua ni kisima kipi na ni saa ngapi. Mwongozaji kutoka mjini asiyejua hayo humzungusha mgeni juani mchana kutwa, wakati ambapo ndege wote wamejificha kivulini.

Somo la Arabuko-Sokoke

Kutoka kaskazini, wageni wengi hurudi Nairobi kisha huelekea pwani, hasa Malindi na Watamu, kwa ajili ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Humo huishi bundi mdogo, kimo chake kama cha kiganja cha mkono, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1965. Mchana hulala katika vichaka vizito, na rangi yake ni kama ya majani makavu. Mgeni akiingia peke yake anaweza kumtafuta juma zima bila kumpata. Vijana wa vijiji vya kando ya msitu, waliojifunza kazi ya kuongoza, wanajua bundi alilala mti gani jana. Wanalipwa kwa elimu hiyo.

Upo mfano mwingine katika kaunti hiyohiyo. Kwera wa Clarke hupatikana Kilifi peke yake. Kwa takriban miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua mahali anapojenga kiota. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana katika kinamasi cha Dakatcha, na kikundi cha wenyeji wanaohifadhi msitu huo kilikuwa miongoni mwa waliovigundua.

Delta

Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na hapo ndipo safari nyingi hugeuza gari. Anayeendelea hukuta mto uliotoka Mlima Kenya na Aberdare, ukapita mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere, ukakata nchi kavu ya Garissa na Hola, sasa ukitawanyika katika mbuga, maziwa, mikoko na michanga hadi Kipini. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, jumla ya hekta 163,600.

Mgeni hutafuta nini hapa? Hutafuta wingi: mwari, korongo, kwarara, yangeyange na furukombe, katika mojawapo ya sehemu chache za Kenya ambako ndege wa maji huzaliana kwa makundi. Kati ya Oktoba na Machi hutafuta pia wasafiri. Yuko ndege mdogo wa matete anayezaliana katika vinamasi vya Iraki, naye yumo hatarini kutoweka. Huvuka Uarabuni na kuja kukaa matete ya Tana wakati kwao ni baridi. Tete likichomwa Tana, hasara hufika Basra.

Yuko pia ndege ambaye hakuna awezaye kumwonyesha. Ni ndege mdogo wa nyasi aliyepewa jina la mto Tana, aliyepatikana sehemu za chini za mto huu tu. Tangu miaka ya 1970 hakuna taarifa ya uhakika ya kuonekana kwake, na wapo wataalamu wanaojiuliza kama kweli ni aina ya pekee. Atakayelijibu swali hilo huenda akawa mchungaji wa Orma au mkulima wa Mpokomo, mwenye darubini na mazoea ya kusikiliza.

Mgeni hulipia nini?

Katika vituo vyote vitatu, mgeni hulipia vitu viwili: mahali ambapo ndege bado yuko, na mtu anayejua alipo. Kimoja kikikosekana, cha pili hakina soko.

Mahali kwanza. Tete, malisho na shamba la mpunga vinahitaji maji yaleyale. Mafuriko yanaua na kuhamisha watu, na hilo halifichiki. Lakini maji yanayopanda na kushuka kwa majira ndiyo yanayoleta samaki, nyasi za ng'ombe na viota vya korongo. Mlima ukikatwa miti, athari hufika Ozi na Kipini. Tena mwaka uleule wa 2012 dunia ilipoitambua delta, mapigano kati ya wakulima na wafugaji yaliyoendelea hadi Januari 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Hakuna mgeni anayekuja na darubini mahali pasipo na amani. Njia ya mifugo na mpaka wa shamba vikiheshimiwa, watu hunufaika kwanza, na ndege hufuata.

Pili, mtu. Mgeni anayefika Garsen asubuhi na kuondoka adhuhuri, akiwa na mwongozaji, chakula na maji kutoka kwingine, huacha vumbi tu. Akilala usiku mmoja, akapelekwa na mtumbwi wa mwenyeji, akala wali na samaki wa kijijini, fedha zake hugawanyika kwa nyumba kadhaa.

Kijana anayetaka kuanza hahitaji kusubiri mtaji mkubwa. Ajifunze kwanza ndege 50 wa kijiji chake: jina la kwao, jina la Kiswahili na jina la Kiingereza, maana mgeni atauliza kwa hilo la mwisho. Aweke daftari la tarehe, mahali na idadi. Kazi ya kuongoza watalii huhitaji leseni ya TRA, mamlaka ya serikali inayosimamia utalii, na chama cha KPSGA hutahini waongozaji kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kikundi kikubaliane bei moja na kuitangaza, ili mgeni asivutwe huku na huku. Mtumbwi uwe na majaketi ya kuokolea, kwa kuwa mto una viboko na mamba. Ndege asirushiwe jiwe ili aruke apigwe picha, wala kiota kisisogelewe.

Na mwenye shamba la mpunga? Utalii wa ndege hautamwondolea kwelea, wala asiahidiwe hivyo. Lakini kama bwawa lililo mpakani mwa shamba lake ndilo linaloleta wageni, haki ni apate sehemu ya malipo. Asipopata, atalilima, kama mwenzake wa Kinangop alivyolima nyasi, na atakuwa na sababu.

Mtoto aliye dunguni asubuhi ya leo tayari anajua ndege huja saa ngapi, kutoka upande gani, na kabla ya mvua gani. Elimu hiyo anayo bure. Iliyobaki ni kwa wakubwa wake kuhakikisha kwamba akikua, ndege hao watakuwepo, na anayekuja kuwatazama atamlipa yeye.