Chakula cha Kuagiza: Tuliyoyaona Ngazija

(Maneno ya wanachama watatu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

Bibi Mwenyekiti, wageni waalikwa, wanachama wenzetu, na nyinyi majirani mliotuunga mkono tangu kisanduku chetu kilipokuwa na kufuli tatu na fedha ndani hamna:

Tumetakiwa tuseme machache juu ya safari yetu ya Ngazija ya mwaka 2023. Tulikwenda kuwaona jamaa zetu, kwa nauli zetu wenyewe. Hilo tuliseme mapema, maana mweka hazina anatuangalia. Lakini tuliyoyaona kule yanahusu kikundi chetu, na yanahusu deni ambalo hatujalilipa mpaka leo.

Ngazija ni kisiwa kilichozaliwa na moto. Mlima wake, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na bado uhai. Ukitoka Moroni kwenda kusini unapita kwenye mawe meusi ya volkano. Pale Singani moto ulishuka mwaka 1977 ukafunika nyumba za watu. Mawe yale yana vitundu kama mkate wa kumimina, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Mito ya kudumu hakuna. Ndiyo maana watu wengi wanakinga maji ya mvua kwenye matangi, na mlima ulipotapika majivu mwaka 2005, maji ya matangi mengi yaliharibika.

Basi siku ya tatu tukasema, jamani, tusiwachoshe wenyeji wetu, leo tukale mkahawani. Wenyeji wakacheka. Pale kijijini mtu anakula kwake. Cha kuliwa hadharani ni cha harusi kubwa ya mila, wenyewe wanaita anda, ambayo mtu huiwekea akiba miaka na miaka. Mkahawa ulikuwa mmoja tu: baraza ya nyumba, meza mbili, na tangi la maji ubavuni.

Tulifika saa saba mchana, njaa inatuuma. Yule mama akatuambia hakuna chakula. Hakijaisha, hakikupikwa, kwa sababu hatukuagiza. Lugha zetu zinakaribiana, tukaelewana nusu kwa maneno na nusu kwa mikono: semeni mko wangapi, semeni mtakula nini, lipeni nusu, mje kesho. Mmoja wetu alinuna njia nzima. Hatumtaji, lakini anajijua.

Kesho yake tulikuta wali, jodari wa kuchoma, ndizi mbichi za nazi na mataba, ambayo ni kisamvu cha kutwanga kilichopikwa kwa tui. Kilikuwa chakula cha watu watatu, na watatu tukashiba. Sufuria zikabaki tupu. Tulipomaliza kumlipa akasema "marahaba", nasi tukatazamana: nani kamwamkia? Kumbe kwao marahaba ndiyo ahsante.

Tukamuuliza kwa nini hapiki watu wakaja wakakuta. Akatuonyesha tangi. Maji yale ndiyo ya kupikia, ya kuoshea vyombo, na ya watoto wake. Likikauka ananunua. Samaki akikosa mnunuzi, barafu hana. Mchele unakuja kwa meli, bei haimuulizi yeye. Kwa hiyo chungu chake lazima kiwe na mwenyewe kabla hajawasha moto.

Hapo ndipo tulipoukumbuka mkahawa wetu. Si mnaukumbuka? Mwaka 2017 tulitoa shilingi 900,000 kwenye mfuko. Kila siku tulipika kilo kumi za mchele, mteja aje asije. Jioni mabaki yakaenda kwa kuku wa jirani. Daftari la mikopo likajaa kabla ya kisanduku. Mwezi wa saba tukafunga.

Halafu tukafanya nini? Tukawageukia wenzetu wawili waliokuwa wakipika. Wengine tulisema wanabeba chakula kwao. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kule kulisema vilevile. Mmoja aliacha kuja mikutanoni mwaka mzima.

Tuliporudi Ngazija tulilitafuta daftari la mwaka ule tukazipitia hesabu, siku moja baada ya nyingine. Fedha hazikuibiwa. Zilipikwa zikamwagwa, na zilizobaki zimo kwenye madeni, na majina ya wadaiwa tumo humu humu ukumbini. Sisi sote tuliamua kupika bila ya kujua nani atakula. Wapishi walifanya tulichowaambia. Leo, mbele ya wageni na majirani waliosikia maneno yale, tunawaomba radhi. Tuliwaonea.

Tangu Januari 2024 tunapika tena, kwa mtaji mdogo, siku nne kwa wiki. Walimu na mafundi wanaagiza jioni na wanalipa nusu. Atakayepita bila kuagiza anapata chai na chapati, maana hapa kwetu pana njia kubwa, na mpita njia naye ana njaa. Hatuwezi kumwambia arudi kesho. Wateja si wengi, lakini kuku wa jirani wamekonda. Mmoja wa wale wenzetu amerudi jikoni. Mwingine bado, na hatumlazimishi. Nafasi yake ipo.

Bibi Mwenyekiti, tumalizie hapa. Ndiyo sababu juma lililopita tuliwasumbua kuwauliza mnakuja wangapi. Chakula cha leo kimepikwa kwa hesabu. Aliyekuja bila ya kujiandikisha asiondoke na njaa, aje kwenye meza yetu sisi watatu. Tutagawana, na kununa tumeshajifunza kuacha.

Na kwa wale wenzetu wawili: marahaba, kwa maana ya Kingazija.