Woga wa Kesho



Juma hili tuzungumzie woga wa kesho. Baba mmoja kaachishwa kazi, kakabidhiwa kiinua mgongo chake, na usiku hapati usingizi: afungue duka, au fedha azilaze benki? Mama anatamani kuhamishia biashara yake ya vitenge Kariakoo, lakini kodi ya pango inamtisha. Kijana hakuchaguliwa kuendelea na masomo. Ameambiwa ajifunze ufundi, naye anauliza, je, nikimaliza nikakosa kazi? Wote hawa wanangoja jambo moja. Wanataka kwanza wajue mwisho utakuwaje, ndipo waanze.

Hebu tumkumbuke mwanariadha wetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Desturi ya mbio hizo ilikuwa kuviziana. Wakimbiaji hujificha katikati ya kundi, wakachomoka mzunguko wa mwisho. Anayetangulia ndiye anayepasua upepo, na wa nyuma anamwona yeye, lakini yeye hawaoni. Bayi aliyajua hayo yote. Hata hivyo bastola ilipolia alitoka mbele, akabaki mbele.

Katika mita za mwisho John Walker wa New Zealand alimkaribia sana, huku uwanja mzima ukimshangilia mwenyeji. Bayi hakushikwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Walker naye aliivunja rekodi hiyo hiyo, lakini alikuwa wa pili, kwa tofauti isiyofika nusu sekunde.

Msikilizaji, Bayi alipoanza kukimbia hakuwa na hati ya ushindi mfukoni. Alichokuwa nacho ni mazoezi. Aliijua miguu yake na pumzi yake, maana alikwisha kuzipima siku nyingi kabla. Huko ndiko kujiamini kunakotoka. Anayetoka mbele bila mazoezi huyo tumwite mpayukaji, na mzunguko wa pili haumkuti.

Wapo watakaosema, huyo alishinda, ndiyo maana anasifiwa. Basi tuendelee. Mwaka 1976 ilikuja Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia. Medali ya dhahabu ya mita 1,500 ilichukuliwa na Walker yule yule.

Mlango ule ulifungwa, tena si kwa kosa lake. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, aliingia mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza tena kama kawaida yake. Mzunguko wa mwisho akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata fedha. Medali hiyo na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo za kwanza za Olimpiki kwa Tanzania.

Kwa hiyo baba mwenye kiinua mgongo, anza na mazoezi. Kaa dukani kwa rafiki mwezi mmoja, ujue bidhaa ipi hutoka na ipi hulala. Mshirikishe mama watoto. Tenga ada ya shule na akiba ya chakula, usiziguse. Ukishayafanya hayo, toka mbele. Kinachobaki hakuna wa kukuhakikishia, hata ungengoja miaka kumi. Na fedha unayoila kidogo kidogo ukingoja, nayo inakwisha.

Wahenga wa khanga walikwisha kusema: woga wako ndio umaskini wako.