Kijiti cha mukono si mashini

Kuna neno linatembea sokoni: eti kijiti cha kupanga uzazi ni puce ya kufuata watu. Tuseme ukweli.

Puce za kutia chini ya ngozi ziko kweli. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu moja kwa wagonjwa, ndogo kama punje ya muchele. Ilikuwa na namba tu. Haikuwa na betri, haikuonyesha mutu yuko wapi. Lakini watu waliuliza: nani atasoma namba yangu bila ruhusa? Mwaka 2010 ikaachwa kuuzwa.

Kijiti chetu ni kitu kingine. Ni plastiki laini, urefu kama santimetre 4, ndani yake dawa. Implanon ni kimoja, Jadelle ni viwili. Kinazuia mimba miaka 3 ao 5, lakini hakizuii SIDA. Damu ya mwezi inaweza kubadilika.

Hata hivyo, mama, kuuliza ni vizuri. Mwili ni wako. Kabla ya kukubali, uliza:
– Ni kijiti gani?
– Kitamaliza mwaka gani?
– Nani ataona karata yangu?

Mutu asikutie kijiti bila wewe kukubali. Siri yako ibaki kwa munganga. Ukitaka kitolewe mapema, ni haki yako. Usijikate na wembe nyumbani. Mukono ukivimba, ukitoa usaha, ao usipokisikia kwa kidole, njoo mbio.

Woga unaisha kwa kuuliza. Karibuni.