Aliyevujisha Maswali: Somo la Donna Brazile

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye darasa letu la vijana Jumamosi. Waliokosa wameomba yawekwe hapa.)



Nimeambiwa nizungumzie wachambuzi wa siasa kwenye TV, na dakika nilizopewa ni chache. Kwa hiyo nitasimulia habari za mtu mmoja tu: Donna Brazile, wa chama cha Democratic kule Marekani.

Mama huyu alizaliwa New Orleans mwaka 1959, familia ya watoto tisa, mama yake akifanya kazi za ndani. Akiwa na miaka tisa tu alishampigia debe mgombea wa udiwani aliyeahidi uwanja wa watoto kuchezea. Jamaa akashinda, bembea zikawekwa. Siasa ikamwingia hapo, na haikutoka tena.

Mwaka 1984 alikuwa kwenye kampeni ya Jesse Jackson. Mwaka 2000 akawa meneja wa kampeni ya Al Gore, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampeni ya urais ya chama kikubwa Marekani. Gore alimzidi Bush kwa zaidi ya kura laki tano nchi nzima. Lakini Florida aliachwa kwa kura 537, na Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya, majaji watano kwa wanne. Kesi ile ukiisoma inauma mpaka leo.

Baada ya hapo akawa mchambuzi wa CNN. Mpaka hapo sioni kosa. Kila mtazamaji alijua ni wa Democratic, na mtu aliyeendesha kampeni anajua mambo ambayo mwandishi hawezi kuyajua.

Sasa njooni Machi 2016. Hillary Clinton na Bernie Sanders wanagombea tiketi ya chama. Brazile ni mchambuzi wa CNN, na hapo hapo ni makamu mwenyekiti wa chama ambacho kilitakiwa kisiwe na upande kati ya hao wawili. Siku moja kabla ya mdahalo wa CNN kule Flint, mji ambao maji ya bomba yalikuwa na risasi, akawaandikia watu wa Clinton kwamba mwanamke mmoja mwenye vipele atauliza swali. Wiki moja baadaye akawatumia na swali la adhabu ya kifo, kabla ya kipindi kingine cha CNN.

Oktoba barua pepe hizo zikaanikwa na WikiLeaks, zimeibwa kwenye akaunti ya mwenyekiti wa kampeni ya Clinton. Mwanzoni Brazile alikana. CNN ikaachana naye. Machi 2017 akaandika kwenye jarida la Time kwamba lilikuwa kosa atakalolijutia daima.

Wapo wanaosema: swali la maji kule Flint nani asingelibuni? Kweli. Lakini wanafunzi wenzangu mnajua, mtihani ukivuja hatuulizi kama swali lilikuwa rahisi. Tunauliza kwa nini mmoja alipewa na mwingine hakupewa.

Na aliyenyimwa hapa hakuwa mpinzani. Sanders alikuwa anagombea ndani ya chama kilekile, na nyuma yake walikuwepo vijana wengi kama sisi. Wakaona mchezo ulipangwa. Trump naye akaipata hoja ya bure, akaizungusha kwenye mikutano yake mpaka siku ya kura. Brazile mwenyewe TV haikumfungia mlango: mwaka 2019 alichukuliwa na Fox News, baadaye ABC. Hasara ilibaki kwa chama.

Sisi tukimwona mchambuzi anasifia serikali tunacheka, tunasema huyo anasaka uteuzi. Sawa. Lakini je, mchambuzi akiwa wa kwetu? Kwenye kura zetu za maoni, mwenzetu akipenyezewa maswali kwa sababu anajuana na mtu, tutasema, au tutasema "muacheni, ni wetu"?

Najua mtaniambia, dada, wenzetu wa chama tawala wanabebwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana nasema. Sisi hatuna dola, hatuna TV. Tulichonacho ni mwananchi kutuamini tunaposema kura imeibwa. Siku akituona tunaibiana wenyewe, tutamwambia nini?

Ninachoomba ni kidogo. Ukialikwa studio, anza kwa kusema wewe ni mwanachama. Ukipenyezewa kitu ambacho mgombea mwingine hana, kikatae au wape wote. Na wa kwetu akikosea, tuwe wa kwanza kusema, tusisubiri wadukuzi watusemee.

Sasa maswali, na nawahakikishia sijapewa hata moja mapema.